Duma "ilikimbia"? Kwani ni pikipiki?

Msomaji wetu wa Morogoro amesoma taarifa ya utafiti wa duma waliofungwa kola za kupimia mwendo, akanukuu sentensi hii: "Duma ilipogeuka ghafla, ilitikisika na kihisi kikarekodi." Anauliza kama "kihisi" ni sahihi, au tuseme "sensa" ama "kisukuma mawimbi".

Kihisi ni sahihi. Limetokana na kitenzi hisi, chenye asili ya Kiarabu, na limeshazoeleka. Sensa tuwaachie wanaohesabu watu. Kisukuma mawimbi ni kifaa kingine: hicho hutuma habari za mahali alipo mnyama, ilhali kihisi mwendo hupima anavyotikisika na kuongeza kasi. Kola moja yaweza kubeba vyote viwili.

Ndugu msomaji, umeulizia neno zima, ukaliacha bovu. Tazama tena: "ilipogeuka", "ilitikisika". Nini kiligeuka? Duma ana uhai, kwa hiyo huchukua upatanisho wa A-WA: duma aligeuka, duma waligeuka. Kola haina uhai: iligeuka. Ukiwapa wote wawili i-, msomaji hajui tena nani kafanya nini.

Na hapa si suala la sarufi tupu. Kola ikilegea huzunguka shingoni, na kihisi husoma mzunguko huo kana kwamba mnyama mwenyewe kageuka. Watafiti hutoka jasho kutenganisha mambo hayo mawili. Kiswahili hukutenganishia kwa irabu moja, nawe unaitupa! Tena katika utafiti ambao kugeuka ndiko kiini chake. Alan Wilson na wenzake wa Royal Veterinary College, chuo cha tiba ya wanyama cha London, walifuatilia duma 5 nchini Botswana katika mbio 367, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kasi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 93 kwa saa, ila mawindo mengi yalifanyika kwa mwendo wa chini sana ya huo. Kinachompa duma kitoweo, zaidi ya kasi, ni uwezo wa kufunga breki na kukata kona. Ndiyo maana nataka kujua aliyegeuka ni nani.

Najua mitaani Nairobi na Lubumbashi watu husema "mbwa imelala", na wanaelewana. Sigombani nao. Hata "ng'ombe zetu" naipokea kwa mikono miwili. Ni ya zamani, na kitenzi chake hubaki salama: ng'ombe zetu wamerudi. Ila taarifa ya sayansi iliyopita mikononi mwa mhariri haina udhuru huo, na sitachoka kuisahihisha.

Sentensi yako iandikwe hivi: "Duma alipogeuka ghafla, kola ilitikisika na kihisi kikarekodi." Na kama ni kola iliyozunguka shingoni, mwandishi aseme "kola ilipozunguka", kisha amwache duma wa watu alale.