Maswali Yenu: Tumeomba ruzuku kwa taasisi ya familia, kimya

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na wenzangu wawili tunaendesha programu ya vijana jioni, wanajisomea, wanacheza, wanajifunza kompyuta. Karibu yetu kuna taasisi ya familia moja inayosaidia mambo ya vijana, tukawatumia andiko la kurasa 22 tukaomba hela ya mwaka mzima. Miezi minne sasa kimya. Tumekosea wapi, na je tuwafuate tena au ndo basi? (Kocha wa Jioni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, kimya kinauma hasa pale vijana wanapokuuliza kila jioni kompyuta zimefika au bado.

Sio basi. Taasisi nyingi za familia hazina ofisi kubwa, ni wazazi na watoto wao wakubwa, pengine na mwanasheria au mhasibu wao, wanakutana mara moja au mara chache kwa mwaka na wanapitia maombi yote kwa mpigo, kwa hiyo kama ulituma baada tu ya kikao basi andiko lako limelala linasubiri kingine. Wapigie, au waandikie mistari mitatu, uliza kikao ni lini, dedilaini ni lini, na kama wangependa barua ya ukurasa mmoja kwanza kabla ya andiko kamili. Kurasa 22 kwa mtu anayesoma usiku baada ya kazi zake ni nyingi mno, nakwambia ukweli.

Ila kabla ya simu kuna kazi ambayo waombaji wengi wanairuka: angalia wameshampa nani, na shilingi ngapi. Kwa taasisi za Marekani ni rahisi, kila mwaka zinajaza fomu ya kodi inaitwa 990-PF na mtu yeyote anaweza kuisoma bure mtandaoni, humo kuna majina ya wanabodi na orodha ya waliopewa, kila mmoja na kiasi chake. Sheria ya kule inazitaka zitoe kama asilimia 5 ya mali zao kila mwaka, maana yake hela itatoka tu, swali ni inaenda kwa nani. Na kwenye fomu hiyohiyo kuna kisanduku, kikiwa kimetikiwa ujue wanawapa waliowachagua wenyewe tu na hawapokei maombi ya kutumwatumwa, hapo usikeshe unaandika, tafuta kwanza mtu wa kukutambulisha kwao. England na Wales kuna rejista ya Charity Commission, yaani msimamizi wa serikali wa mashirika ya hisani, nayo bure. Kwingine tafuta kikundi kilichowahi kupewa ukakiulize kwa adabu, watakwambia.

Sasa ukikuta wanatoa kidogo kidogo na wewe umeomba mwaka mzima, kosa ndo hilo. Omba kipande kimoja, mfano malipo ya mwalimu wa kompyuta kwa muhula mmoja, halafu onyesha hela iliyobaki inatoka wapi. Familia inaogopa kuwa nguzo peke yake, ikiondoka tu nyumba inaanguka juu ya watoto.

Na bajeti jamani. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kusoma maombi, barua moja ilisema vijana 40, bajeti imepigwa kwa vijana 60, jumla ya chini haiendani na mistari ya juu, nikajumlisha kwa kalamu mara tatu nikidhani nakosea mimi. Kikundi kilikuwa kizuri, nilikifahamu, lakini mwenzangu pembeni alishafunga faili. Iliniuma sana.

Kwenye barua yako usiandike "tunawawezesha vijana", kila mtu anaandika hivyo. Fungua daftari la mahudhurio, lile lililochakaa kona, uandike kilichomo: Jumanne walikuja 31, watatu wapya, wawili waligoma kuondoka mpaka taa zikazimwa. Ambatanisha na sera yenu ya ulinzi wa watoto, kama hamna ikaeni chini muiandike wiki hii, na picha ya mtoto isitoke bila ruhusa ya mzazi.

SWALI: Dada, sisi hatujasajiliwa bado. Tusiombe kabisa? (Binti wa Maktaba)

JIBU: Ombeni, ila kupitia mgongo wa shirika lililosajiliwa, maana taasisi nyingi haziwezi kutoa hela kwa kikundi kisicho na karatasi. Shirika linapokea kwa niaba yenu, mara nyingi linakata asilimia fulani ya uendeshaji, kwa hiyo iulizeni mapema muiweke kwenye bajeti. Kwanza iulizeni taasisi kama inakubali mpango huo. Halafu andikianeni mkataba, nani anasaini, hela inatoka ndani ya siku ngapi, risiti anatunza nani. Hata kama risiti halisi zinabaki kwa shirika, nyie piga kopi ya kila moja siku hiyohiyo, maana ripoti ya mwisho mtaiandika nyie.