Seli za kinga zinapolisha saratani ya ngozi: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba baadhi ya seli za kinga ya mwili, badala ya kuiua saratani ya ngozi, huisaidia kukua. Simu haikutulia. Haya ni maswali manne kati ya mengi yaliyofika.

Shikamoo daktari. Seli za kinga ni askari wetu. Askari anamsaidiaje adui? (Msomaji, Igoma)

Marahaba. Tuanze na kidonda cha kawaida. Umejikata kidole ukiparua magamba ya sato. Siku za kwanza seli za kinga hukimbilia hapo kuua vijidudu. Miongoni mwao kuna walaji wakubwa wanaoitwa makrofaji, wanaomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Usafi ukiisha, makrofaji hao hao wanageuka mafundi: wanaita mishipa mipya ya damu, wanahimiza seli za ngozi zigawanyike, na wanawatuliza askari wengine ili vita ikome. Kidole kinapona.

Sasa, uvimbe wa saratani hutoa ishara zinazofanana na za kidonda kisichofunga. Makrofaji wakizipokea, wanafanya kazi waliyoizoea: damu inaletwa, ukuaji unahimizwa, seli za kuua zinatulizwa. Fundi ameitwa nyumbani kwa mwizi, naye anajenga.

Mama aliungua mguu kwa mafuta ya moto zamani, mimi nikiwa mdogo. Tangu mwaka jana kovu limefunguka donda, halifungi. Jirani anasema ni kisukari. (Sengerema)

Sukari apimwe, ndiyo, lakini msiishie hapo. Kovu la moto likikaa miaka likichubuka na kufunga, linaweza kuota saratani iitwayo kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeandika kuhusu vidonda vya kwenye makovu mwaka 1828. Kwa ujumla ni saratani adimu, ila kwetu si ngeni: mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 56, na wengi wao kovu lilitokana na kuungua. Miaka yote hiyo mafundi niliowataja hawapumziki. Seli zinahimizwa kugawanyika kila siku, na katika kugawanyika kwingi makosa hujipenyeza.

Mchukue mama mchana, palipo na mwanga, mfungue bandeji. Kingo za donda zimenyanyuka? Ukizigusa ni ngumu? Nyama imeota juu kama koliflawa, inavuja damu kirahisi, inanuka hata baada ya kusafishwa? Ana mtoki kwenye kinena? Hata ukiona dalili moja tu, mpeleke hospitali akatwe kinyama pembeni mwa donda, kipimwe. Na hata usipoiona, donda la mwaka mzima juu ya kovu la zamani linatosha kuomba kipimo hicho. Nawasihi msingoje mavuno. Ikiwahiwa, daktari anaweza kuikata saratani na kuubakiza mguu.

Nina VVU. Nimeanza ARV mwezi wa pili sasa, na madoa ya Kaposi mguuni yameongezeka. Niache dawa? (Mwalo wa Kirumba)

Usiache hata siku moja. Kaposi ni saratani inayotokana na kirusi kinachoitwa HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994, nacho hupata nafasi kinga ikishuka. ARV zinaipandisha kinga, na kwa wagonjwa wengi madoa hupungua. Lakini kwa baadhi, miezi ya mwanzo, seli za kinga zinaamka kwa kishindo, zinamwaga kemikali za uvimbe, na madoa yanachachamaa kwanza. Rudi CTC, kliniki unayochukulia ARV, wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi, maana huenda ukahitaji na dawa za saratani. Ukianza kukohoa damu au pumzi ikibana, nenda leo. Tena usinunue predinisoloni dukani kutuliza uvimbe, kwa sababu inaweza kuichochea Kaposi.

Nina mabaka makalioni na mapajani, mwaka wa tatu. Nimepaka dawa za fangasi mpaka nimechoka. Sasa kuna mtu ananiuzia unga wa kuongeza kinga, elfu thelathini kopo. Ninunue? (Nansio, Ukerewe)

Hapana, ndugu yangu. Mabaka ya muda mrefu sehemu zisizopigwa jua mara nyingi ni pumu ya ngozi au fangasi kweli. Lakini ipo saratani adimu inayofanana nayo sana, maikosisi fungoidesi. Jina lake linadanganya, maana haina fangasi ndani yake. Hapo seli za kinga aina ya T zenyewe ndizo zimegeuka saratani, na makrofaji walio jirani wanazipa msaada. Hata bakteria wa stafilokoka wanaokaa kwenye ngozi iliyochubuka wanaweza kuzichochea kwa sumu yao. Katika hali hiyo, unga huo unaongeza kinga ipi?

Kujua ni ipi, lazima ukatwe kinyama kwenye baka, kipimwe. Wakati mwingine kimoja hakitoshi, vinachukuliwa mara mbili au tatu kabla jibu halijapatikana, kwa hiyo usikate tamaa. Hiyo elfu thelathini iweke kwenye nauli ya kuja Mwanza kumwona daktari wa ngozi. Wiki chache kabla ya kuja, ukiweza, usipake chochote kwenye mabaka, kwa sababu krimu zinaweza kuficha jibu. Na tyubu zote ulizowahi kutumia, hata tupu, zitie mfukoni uje nazo.