Mtoto wako hashindwi darasani, anaachwa njiani kabla ya darasa

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mzee mmoja anayeishi Ohio. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Nina kijana, ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mama yake naye alikwisha kufariki. Nimemlea tangu kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Amekubaliwa komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili. Sasa ofisi ya fedha inataka karatasi zangu za kodi, na mimi naogopa. Kampuni wanamuita aanze kazi Jumatatu."

Shikamoo mzee. Karatasi zako hazihitajiki. Kwenye fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, baba mdogo, shangazi au babu hahesabiwi mzazi kama hakumwasili mtoto kisheria, hata kama ndiye aliyemlisha miaka yote. Kijana aliyefiwa na wazazi wote wawili anajaza kwa jina lake mwenyewe, hata kama walifariki yeye angali anatambaa. Na kwa wale ambao mama yuko hai lakini amebaki Fizi, kule Kongo, au kambini, waombe ofisi ya fedha itazame hali yao maalum. Sheria inawataja wakimbizi waliotenganishwa na wazazi, ingawa uamuzi ni wa chuo.

Haya nayajua kwa sababu mimi nilipigwa danadana mpaka nikachoka.

Nililelewa na mama mdogo. Tulifika Marekani nikiwa na Kifaransa cha shule ya kambini na Kiingereza cha kuombea maji. Mama mdogo alikata kuku kiwandani usiku, mchana akalala kidogo, jioni akapika. Shuleni kulikuwa na mshauri wa wanafunzi. Nilimwambia nataka kusomea uuguzi. Akajibu kwamba watu wenu wanafanya vizuri sana kwenye maghala. Alisema akitabasamu. Leo mimi ni muuguzi mwenye leseni, nawaelekeza wauguzi wapya wodini, na bado nikilikumbuka lile tabasamu chai inanipalia.

Chuo chenyewe kilinikubali, maana vyuo hivi vya miaka miwili humpokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Kazi ilikuwa dirishani. Dada wa ofisi akaniambia nilete kodi za mama. Nikasema mama amefariki. Akasema basi lete za huyo unayeishi naye. Mama mdogo akakataa katakata, na simlaumu hata leo: aliyeishi kambini anajua karatasi ikishatoka mkononi mwako hujui itarudi na nini. Muhula ukaanza bila mimi, nikaenda kufunga maboksi. Hakuna aliyepiga simu kuuliza yule kijana wa Kongo yuko wapi.

Aliyenirudisha ni mama mmoja wa ofisi ya TRIO, aliyesoma fomu yangu dakika chache tu akauliza, "Nani alikuambia ulete hizi?" Ndugu zangu, kijana akikanyaga chuoni tu aulizie TRIO. Ni mipango ya serikali iliyoanza miaka ya 1960 kusaidia wanafunzi wa kipato kidogo na wale ambao wazazi wao hawakupata shahada. Si kila chuo kinayo, lakini penye nayo kuna mtu wa kukusomea barua, kukuchagulia masomo na kukutetea dirishani. Vijana wetu wengi hawaendi kwa sababu wanasema, "Baba alikuwa mwalimu Uvira, mimi si wa kwanza kusoma." Baba kufundisha kwa D6 yake, ile diploma ya sekondari ya Kongo, hakukuondoi kwenye orodha. Wanachouliza ni shahada ya chuo kikuu. Nenda!

Masomo yenyewe sitayasimulia. Nilisoma, nikafaulu, nikalia kwenye hesabu, nikafaulu na hesabu.

Sasa nyumbani, na hapa baadhi yenu mtanichukia. Msaada wa Pell, ule wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, haurudishwi, na mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Kwenye vyuo vingi vya miaka miwili ada ni chini ya hapo, kwa hiyo kinachobaki anapewa mwanafunzi. Hiyo ndiyo rifandi, na rifandi imevunja nyumba zetu. Nimeona baba anaichukua alipie gari. Nimeona kijana anajiandikisha, anasubiri rifandi, kisha anatoweka. Akiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha huhesabiwa kuwa hakuistahili na anaweza kudaiwa. Pesa ile ni ya vitabu, basi na chakula cha mtoto anayesoma. Si ya michango ya harusi. Wazazi, iacheni!

Kingine ni muda. Kijana anayejua Kiingereza ndiye mkalimani wa ukoo mzima: hospitali, benki, ofisi ya fudi stempu (msaada wa chakula), kesi ya trafiki ya mjomba. Ongeza shifti ya usiku, ongeza krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 12 za muhula kamili, halafu mshangae ameshindwa? Vyuo vingi vinataka afaulu takribani theluthi mbili ya krediti anazochukua na awe na wastani wa C, la sivyo msaada unasimama. Afadhali aanze na krediti chache akifanya kazi kuliko kuzibeba zote na kuziangusha. Pell hupungua tu, haifutiki. Na akina mama wa kanisani wanaosema "hako ni kachuo tu, si chuo kikuu", waambieni krediti zake nyingi huhamishiwa chuo kikuu cha jimbo, mradi aulize mapema zipi zinapokelewa.

Mzee wangu wa Ohio, kampuni isubiri siku moja. Jumatatu asubuhi nendeni wote wawili, mchukue I-94 yake, ile karatasi ya kuingilia Marekani, na chochote kinachoonyesha wazazi wamefariki. Kama hamna vyeti vya vifo, ulizeni kama watapokea barua ya mchungaji au ya shirika lililowapokea. Wa dirishani akikataa, msiondoke. Ombeni kuonana na mkubwa wake, na jina lake mliandike.