Seli T dhibiti "zimepotea"? Soma faili la dawa kwanza

Mkuu, simamisha hiyo mashine ya kusomea seli. Umesema utachukua damu siku ya 14 baada ya upandikizaji, uwalinganishe waliopandikizwa ini na figo kwa pamoja na waliopata figo tu, utafute seli T dhibiti (zile zinazotuliza kinga) kwa alama za juu ya seli CD4, CD25 na CD127, halafu tofauti yoyote uiite kazi ya ini. Shimo hilo nalijua mpaka kina chake.

Wa ini na figo walianzishiwa dawa gani ya kushusha kinga? Kama ni basiliksimabu, miligramu 20 kabla ya upasuaji na 20 siku ya nne, basi dawa yenyewe ni kingamwili dhidi ya CD25. Imeshakalia kiti ambacho kingamwili yako yenye rangi inakitaka, na hukaa wiki nne hadi sita, pengine zaidi. Siku ya 14 utaona seli zimetoweka, kumbe nyingi zimefunikwa tu. Wa figo nao wakiwa wamepewa globulini ya kuua seli T, seli T za CD4 hurudi polepole kuliko zile za CD8, na za mwanzo kurudi nyingi ni seli za kumbukumbu zilizojizidisha kujaza nafasi. Hapo unalinganisha dawa mbili, viungo havimo.

Aliyenishikisha kwamba "asilimia inatosha", Mungu anamwona. Piga hesabu: 5% ya CD4 800 kwa mikrolita ni seli 40, 10% ya CD4 100 ni seli 10. Asilimia mara mbili, seli robo. Ukiandika "zimeongezeka", jina langu usilitie kwenye shukrani.

Chukua damu ya mtu mwenye afya, igawe mbili, sehemu moja itie basiliksimabu dakika 30, osha, kisha paka klono yako ya CD25 (aina ya kingamwili yenye rangi unayotumia) kote kuwili. Mwanga ukizimika kwenye yenye dawa, badilisha klono, au shika FOXP3 (protini iliyo ndani ya seli dhibiti) na CD127 ya chini. Ongeza Helios, protini nyingine ya ndani ya seli, maana hata seli T zilizoamshwa huwasha FOXP3 kidogo. Idadi kamili ipate kwa shanga za kuhesabia, damu ikiwa nzima na mbichi. Na linganisha waliopewa dawa ileile ya kuanzia, basi. Wagonjwa wakipungua, punguza swali.

Kingamwili za mgonjwa dhidi ya HLA (alama za utambulisho za seli za mtoaji): ini hufyonza za daraja la kwanza vizuri kuliko za la pili, zisome kando. Uliuliza na rangi ngapi utumie, sijui na mirija ya damu? Leta kwanza orodha ya nani alipewa nini.