Maswali Yenu: Kuhifadhi na Kurejesha Hifadhidata

Kati ya barua tulizopokea kuhusu nakala rudufu za hifadhidata, ambazo wengi maofisini huziita bakapu, tumechagua tatu. Waandishi wake wote walikuwa na nakala, au waliamini wanazo, na swali la kila mmoja linahusu kitakachowezekana, au kilichoshindikana, siku ya kuzirejesha.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo mkoani Iringa na, kwa kuwa ndiye niliyesomea kompyuta kidogo, nimekabidhiwa pia mfumo. Tunatumia programu ya hifadhidata ya MySQL 8.0. Kila siku saa sita usiku mfumo hutoa nakala ya hifadhidata na kuiweka kwenye diski ya pili ndani ya mashine ileile. Wiki iliyopita mwenzangu alitaka kurekebisha salio la mwanachama mmoja moja kwa moja kwenye jedwali, akasahau kutaja namba ya mwanachama, na masalio ya wanachama wote 2,400 yakawa shilingi 185,000. Hiyo ilikuwa saa 4:40 asubuhi. Tuligundua saa 5:15. Tulirejesha nakala ya usiku, lakini amana na marejesho ya asubuhi yalipotea, ikabidi tuyaandike upya kutoka kwenye stakabadhi hadi usiku. Je, tungeweza kuyaokoa?

JIBU: Pole kwa yaliyowapata. Mngeweza kuokoa karibu yote, na inaelekea kwamba kilichohitajika kilikuwamo ndani ya mashine yenu wakati mnapekua stakabadhi.

Kwa kuwa wewe ni mhasibu, ichukulie nakala ya usiku kuwa ni salio la kufungia siku. Salio hilo peke yake halisemi lolote kuhusu yaliyotendeka tangu asubuhi. Kwa hayo unahitaji daftari la fedha, ambalo huandikwa muamala baada ya muamala. MySQL inalo daftari la namna hiyo, yaani logi ya mabadiliko, na katika toleo la 8.0 logi hiyo huwashwa yenyewe na hutunzwa kwa siku 30 isipokuwa mtu amebadilisha mpangilio. (Katika matoleo ya zamani ya MySQL, na hata katika MariaDB, programu iliyo ndugu yake, ni lazima uiwashe mwenyewe, kwa hiyo wasomaji wanaotumia hizo wasijifariji kwa jibu hili.) Ukirejesha nakala ya saa sita usiku, kisha ukapitisha juu yake kila badiliko lililoandikwa kwenye logi hadi nukta moja kabla ya kosa, unapata hifadhidata kama ilivyokuwa mwenzako alipokuwa bado hajabonyeza kitufe.

Kazi yenyewe ingekwenda hivi. Kwanza mngesimamisha huduma dirishani, kwa sababu kila amana inayopokelewa juu ya masalio yaliyoharibika huongeza uharibifu. Kisha mngenakili mafaili ya logi kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote, na mngerejesha nakala ya usiku kwenye kompyuta tofauti, si juu ya hifadhidata iliyoharibika, maana hiyo iliyoharibika ndiyo ushahidi wenu pekee wa kilichotokea na huenda mkaihitaji tena baada ya saa moja. Baada ya hapo mngeifungua logi kwa programu ya mysqlbinlog na kutafuta amri iliyogusa safu 2,400 kwa mkupuo.

Hapo kuna mtego ambao vitabu vya Ulaya haviutaji. Wewe umeandika saa 4:40 asubuhi, kama sote tunavyosema. Saa ya kompyuta inasema 10:40. Na ikiwa seva imewekwa kwenye UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kama zilivyo nyingi, muda huohuo unasomeka 07:40. Nimeona watu wawili wenye akili timamu wakibishana juu ya saa ya kosa kwa nusu saa nzima, kila mmoja akiwa sahihi kwa saa yake. Kwa hiyo tumia muda kukaribia mahali penyewe tu, halafu usimamishe urejeshaji kwa namba ya nafasi ndani ya logi, kwa kuwa sekunde moja inaweza kubeba miamala kadhaa, ilhali namba ya nafasi huonyesha mahali pamoja tu.

Zinabaki dakika 35 za kuanzia saa 4:40 hadi saa 5:15. Kinadharia unaweza kuiruka amri mbaya na kuendelea kupitisha yaliyofuata, lakini kwenu nisingeshauri. Kwa kawaida logi huhifadhi safu nzima kama ilivyokuwa baada ya badiliko. Mwanachama aliyeweka shilingi 20,000 saa 4:50 ameandikiwa salio la 205,000 lililojengwa juu ya salio la uongo, na ukilipitisha utalirudisha kosa kwa mlango wa nyuma. Miamala ya dakika hizo 35 ndiyo pekee mliyopaswa kuiandika upya kutoka kwenye stakabadhi.

Ili jambo hili liwezekane siku nyingine, nakala ya usiku lazima ijue ilichukuliwa ikiwa logi imefika wapi. Unapotumia mysqldump, programu ya MySQL ya kutoa nakala, weka chaguo la --single-transaction ili nakala yote ionyeshe hali ya wakati mmoja bila kufunga majedwali, na --source-data=2 ili nafasi ya logi iandikwe mwanzoni mwa faili. Ongeza --routines na --events, la sivyo taratibu zilizohifadhiwa na kazi zilizopangiwa ratiba zitaachwa nje, na hutajua hadi mwisho wa mwezi riba isipokokotolewa. Logi nayo isikae kwenye mashine hiyo tu, maana diski ikifa daftari linakufa pamoja na mizania. Mysqlbinlog inaweza kukaa kwenye kompyuta ya pili na kuivuta logi kutoka seva kadiri inavyoandikwa.

Kuhusu mwenzako, asilaumiwe peke yake. Kama angeanza kwa START TRANSACTION, amri inayofanya mabadiliko yasubiri kuthibitishwa, angeona jibu la safu 2,400 badala ya moja, na ROLLBACK, amri ya kuyatengua, ingemaliza mambo papo hapo. Kwa nini karani ana ruhusa ya kubadilisha jedwali la masalio kwa mkono, hilo mkajadili na bodi yenu.

SWALI: Natunza rekodi katika zahanati moja ya binafsi Tabora. Tunapokea wagonjwa wapatao 60 kwa siku na mfumo wetu unatumia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Kila Ijumaa jioni ninanakili folda yote ya hifadhidata kwenye flashi, ambayo hukaa kwenye droo ya meza iliyo kando ya seva. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, na kasoro iliyo kubwa zaidi haimo kwenye droo. Ukinakili folda wakati PostgreSQL inafanya kazi, ni sawa na kunakili rejista kwa mkono huku muuguzi anaendelea kuandika humo: ukurasa wa kwanza unakuwa wa saa kumi jioni, wa mwisho wa saa kumi na robo, na mgonjwa aliyesajiliwa katikati ana dawa lakini hana jina. Folda ya namna hiyo inaweza kukataa kabisa kuwaka. Tumia pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala, ambayo hutoa picha ya hifadhidata nzima kama ilivyokuwa ilipoanza kazi, hata watumiaji wakiendelea kuandika. Pamoja nayo toa orodha ya watumiaji na ruhusa zao kwa pg_dumpall --globals-only, kwa kuwa pg_dump haiibebi.

Mara ngapi? Jiulize mnaweza kupoteza kiasi gani na bado mkafanya kazi. Seva ikiharibika Alhamisi jioni, kwa ratiba yako ya sasa mnapoteza zaidi ya wagonjwa 200, na kwa zahanati hiyo ni historia za matibabu ambazo hakuna atakayezikumbuka. Nakala ya kila usiku ndiyo kima cha chini. Haigharimu chochote zaidi ya nafasi ya diski, na kompyuta yenyewe inaweza kuamshwa kuifanya bila wewe kuwapo.

Sasa droo. Mwizi atachukua kompyuta na flashi pamoja, na moto hautachagua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala walizozilipia zilikuwa ndani ya jengo hilohilo. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Kwenu hiyo ina maana ya hifadhidata yenyewe, diski ya nje iliyopo kazini, na diski nyingine inayolala mahali pengine, mkizibadilishana kila wiki. Diski isiyotumika ichomolewe, kwa sababu virusi vya kudai fidia hufunga kila kinachoonekana kwenye mashine, na nakala iliyochomekwa daima hufungwa pamoja na data asilia. Flashi ziacheni kwa kubebea nyaraka.

Nakala inayotoka nje ya zahanati ifungwe kwa nenosiri kwa njia ya usimbaji. Hiyo ni data ya afya za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana ninyi hata kama diski imepotelea kwenye daladala. Nenosiri lenyewe liandikwe na liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mganga mfawidhi. Wewe ukiugua, nakala iliyofungwa bila ufunguo haina tofauti na diski tupu.

SWALI: Kampuni yetu hapa Nairobi ina seva ya pili inayopokea kila badiliko kutoka seva kuu papo hapo. Mkurugenzi anasema kwa hali hiyo nakala rudufu ni gharama isiyo na sababu. Nimjibu nini?

JIBU: Mwambie kwamba seva ya pili hutii kila amri, pamoja na ile ya kufuta. Jedwali likifutwa kwenye seva kuu, kwa kawaida seva ya pili nayo italifuta ndani ya sekunde chache. Seva hiyo inawakinga dhidi ya mashine kufa; haiwakingi dhidi ya binadamu.

Kama anataka mfano, msimulie ya GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alikuwa akihangaika na seva ya pili iliyokuwa imeachwa nyuma. Akiamini yuko kwenye hiyo ya pili, alifuta folda ya data kwenye seva kuu, na alipoisimamisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Walipoziendea nakala zao za pg_dump walikuta hazipo: programu iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ni ya 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono muda wa saa sita kabla ya kosa, kwa shughuli nyingine kabisa. Tovuti ilirejea baada ya takriban saa 18, na data ya muda wa saa sita hivi ilipotea. Tukio zima waliliandika wazi kwa umma, jambo ambalo nawaheshimu nalo.

Nawe usikomee kwenye kupata fedha za nakala. Omba pia nusu siku kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya zoezi la kurejesha: kompyuta tupu, nakala ya jana, maelekezo yaliyoandikwa, na mtu asiyeyaandika yeye mwenyewe. Mpimie muda, kisha linganisha idadi ya safu katika majedwali makuu na jumla ya fedha dhidi ya ripoti ya siku hiyo, na umalizie kwa kuufungua mfumo kama mtumiaji wa kawaida. Mara ya kwanza nilipoliendesha zoezi hili katika ofisi moja niliyofanyia kazi, tulikuwa tumemwahidi meneja saa mbili. Tulitumia saa saba, tano kati yake zikiwa za kutafuta nenosiri la kufungulia nakala, ambalo lilikuwa limehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa kwenye seva tuliyojifanya imekufa.

Wakati unasubiri idhini ya mkurugenzi, kesho asubuhi fungua folda ya nakala, kama ipo, utazame tarehe na ukubwa wa faili la jana. Likiwa na baiti sifuri, mchapishie ukurasa huo umpelekee.