Bima kubwa italipa gari; na deni je?

SWALI

Mhariri, natumaini hamjambo nyote. Mimi ni mstaafu, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga. Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, na wiki hii anataka kununua gari jipya kwa mkopo wa miezi 72. Bei yake ni dola 28,000, kodi na usajili vinaifikisha dola 30,000, naye ana kianzio cha dola 1,500 tu. Muuzaji amemshauri aongeze bima ambayo huko huitwa “gap”, yaani bima ya pengo, kwa dola 895, zitakazoingizwa ndani ya mkopo huo huo wenye riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Amemwambia pia kwamba bila bima hiyo huenda mkopo ukakataliwa. Mimi nilimjibu kwamba akikata bima kubwa inatosha, lakini ameniomba niwaulize wanaojua. Je, nimemshauri vibaya?

JIBU

Shikamoo, mzee. Kama binti yako angelipa fedha taslimu, jibu lako lingekuwa sahihi kabisa. Kwa gari la mkopo limepungukiwa na jambo moja: bima kubwa hulipa thamani ya gari ilivyokuwa siku lilipoibwa au lilipoharibika kiasi cha kutotengenezeka, wala haiangalii deni limebaki kiasi gani. Thamani ikiwa ndogo kuliko deni, kiasi kinachozidi humrudia mkopaji, na hicho ndicho bima ya pengo hulipa.

Vijana wetu wa bodaboda wanalijua jambo hili kwa uchungu. Nilipata kuzungumza na mmoja pale stendi ya Kange, aliyeibiwa pikipiki ya mkataba ikiwa na bima ndogo peke yake, ambayo hailipi chombo cha mwenye bima mwenyewe. Alinionyesha daftari la shule ambamo mwenye pikipiki alikuwa akitia sahihi kila Ijumaa anapopokea hesabu. Sahihi ziliendelea kurasa kadhaa baada ya siku ya wizi, maana kijana yule aliendelea kulipia pikipiki ambayo hakuwa nayo tena. Mkataba wa binti yako una bima bora zaidi, lakini deni lake halifutiki kwa sababu gari limepotea, kama ambavyo la kijana huyu halikufutika.

Sasa tuzitazame hesabu zake. Akitoa kianzio hicho atakopa dola 28,500, na marejesho yatakuwa kama dola 514 kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja wa kulipa bila kukosa, atabaki anadaiwa takriban dola 24,750. Gari jipya kule kwa kawaida hupoteza karibu sehemu ya tano ya bei yake katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo gari la dola 28,000 litakuwa na thamani ya kama dola 22,400, na zile dola 2,000 za kodi na usajili hazimo tena katika thamani hiyo. Likiibwa siku hiyo, pengo ni kama dola 2,350, kabla hata ya kujumlisha kile kiasi ambacho kila mwenye bima hubeba mwenyewe, ambacho mara nyingi ni dola 500 au 1,000. Ni fedha nyingi kwa mtu ambaye wakati huo huo anatafuta gari jingine la kumfikisha kazini.

Kwa hiyo naona aikate bima hiyo, ila si kwa namna aliyoelezwa. Dola 895 zikiingizwa ndani ya mkopo zitaongeza kama dola 16 kwenye kila rejesho, na kwa miezi 72 zitafika dola 1,160 hivi, yaani atalipia bima kwa riba. Kampuni nyingi za Marekani zinazouza bima ya kawaida ya gari huweza kuongeza ya pengo juu yake kwa makumi ya dola kwa mwaka, na huko binti yako anaweza kuisimamisha deni likishuka chini ya thamani. Aipigie simu kampuni yake kwanza kabla ya kutia sahihi chochote kwa muuzaji. Bei ya muuzaji hubeba kamisheni yake, na Uingereza jambo hili lilifika pabaya: mwezi Februari 2024 mamlaka inayosimamia huduma za fedha ilitangaza kwamba kampuni kadhaa zimekubali kusitisha kwa muda uuzaji wa bima hii, baada ya kuonekana kwamba ni asilimia 6 tu ya malipo ya wateja iliyokuwa ikirudi kwao kama fidia, huku baadhi ya wauzaji wakichukua kamisheni ya hadi asilimia 70.

Kuhusu kauli kwamba mkopo utakataliwa, amwulize mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu uwazi wa mikopo inataka gharama ya bima iliyo sharti la mkopo ihesabiwe ndani ya gharama za mkopo na kuonekana katika kiwango cha riba kinachotangazwa kwa mteja. Ikiwa haimo humo, basi ni hiari, na muuzaji hakumwambia ukweli.

Bima hii hailipi marejesho aliyochelewesha wala faini zake, na haifanyi kazi bila bima inayolipa gari lenyewe. Nalisema hili kwa sababu kule bima kubwa tunayoijua sisi hukatwa vipande viwili, kimoja cha kugongana na kingine cha wizi, moto na mafuriko, naye anahitaji vyote viwili. Vilevile asiichanganye na bima ya mkopo tunayokatwa na benki zetu hapa nyumbani, ambayo humaliza deni mkopaji akifariki.

Kila baada ya miezi sita atazame salio la deni lake, alilinganishe na bei ya gari kama lake katika mwongozo wa Kelley Blue Book. Kwa marejesho haya, baada ya miaka mitatu deni litakuwa limeshuka hadi dola 16,150 hivi, na huenda thamani ya gari ikawa imelipita, hapo aisimamishe. Ikiwa ameshatia sahihi kwa muuzaji kabla gazeti hili halijakufikia, aandike barua ya kuifuta na kudai sehemu ya fedha ambayo haijatumika, kwani kwa kawaida hairudishwi mpaka mteja aiombe.