Jibu: Kumleta mwandishi wa vitabu vya watoto maktabani Dodoma

Dada, umeuliza uanzie wapi ili mwandishi wa vitabu vya watoto aje maktabani hapa Dodoma. Nenda kwa mkutubi wa maktaba ya mkoa; iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo andika barua mapema na utaje shule na umri wa watoto. Mwandishi mtafute kupitia wachapishaji au Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991. Nauli na malazi ni juu yenu, ingawa treni ya SGR kutoka Dar imerahisisha mambo.

Siku yenyewe, mgeni rasmi asipewe nafasi ya kuhutubia sana (najua, ni vigumu). Watandikie mikeka. Mwandishi asome kurasa mbili tatu, afunge kitabu pale panaponoga, aulize: "Haya, sungura atatokaje shimoni?" Utaona hata yule aliyejibanza nyuma ananyoosha mkono. Wape karatasi na penseli wachore mwisho wanaoutaka.

Halafu nunueni nakala kadhaa zibaki maktabani, maana Jumatatu watakuja kukiulizia.